Kutembea Bila Mzigo

Biharamulo,
11 Februari 2024

Mwanangu Priscila,

Tangu Krismasi nakupigia simu na kila mara naambiwa haipatikani, kwa hiyo nimerudi kwenye kalamu. Barua hii itapanda basi mpaka Nyakanazi kwa Teddy, yule binti wa kwetu Rulenge anayepikia madereva wa malori pale njia panda. Yeye atampa dereva yeyote anayekuja huko mpakani. Ikikufikia na harufu ya samaki, ujue imekaa jikoni kwake.

Hapa tunaendelea. Baba Wema anakohoa lakini sigara hataki kuacha. Wema amepata daraja la pili kidato cha nne, anasubiri kupangiwa shule, na sasa hivi hashiki hata ufagio. Mvua inatutania. Tumepanda maharage na tunabaki kutazama mawingu.

Kilichonifanya nikuandikie ni hiki. Mwezi uliopita nilipima, nikaambiwa nina kisukari. Nilipewa dawa, kisha muuguzi wa kliniki akaniuliza nafanya kazi gani. Nikasema nashona. Akaniuliza nakaa kwenye cherehani saa ngapi kwa siku. Nikamwambia mimi ni mkulima, nimelima miaka thelathini, hakuna cha kunifundisha kuhusu jasho. Akauliza jembe nimelishika lini mara ya mwisho. Mwanangu, nilihesabu nikaona ni miaka minne, tangu shamba tulipoanza kulimisha vibarua.

Akaniagiza nitembee nusu saa kila siku, kwa mwendo ambao naweza kuongea lakini siwezi kuimba. Nimeanza. Siku ya kwanza watu watatu walinisimamisha wakaniuliza msiba uko wapi, kwa sababu mwanamke wa miaka hamsini na nane anayetembea haraka alfajiri bila jembe wala kikapu, wanajua amebeba habari ya kifo. Niliona aibu nikakaribia kugeuka. Sikugeuka. Leo ni siku ya kumi na tisa, na kuna jambo ambalo muuguzi hakuniambia. Nikirudi sigombani na mtu. Usingizi umenirudia. Hata Baba Wema amegundua, ingawa anadhani ni dawa.

Ndiyo maana nimekukumbuka wewe. Tangu Novemba, ulipojifungua mtoto ambaye hakulia, nasikia unatoka ofisini unaingia chumbani, unatoka chumbani unaingia ofisini. Wewe uliyekuwa ukiongoza mchakamchaka pale Rulenge, uliyekimbia mita mia nane mpaka mkoani. Toka nje, mwanangu. Dakika kumi tu.

Shangazi yako,
Francisca


Rusumo,
3 Machi 2024

Shangazi,

Shikamoo. Barua nimeipata na samaki wake.

Sisi tupo. Mkweo Ntwari anaenda zamu zake kule kwenye mitambo ya umeme. Mimi kazi imebana, malori yamejaa upande wetu na upande wa Rwanda, na kila wakala wa forodha anataka nyaraka zake zitoke leo. Simu niliizima kwa sababu watu walikuwa wananipa pole na mimi sina cha kuwajibu.

Pole na sukari. Umeze dawa.

Kuhusu kutembea, nashukuru. Sina muda. Na lile la Novemba nakuomba usiliandike tena.

Mwanao,
Priscila


Biharamulo,
24 Machi 2024

Mwanangu,

Leo ni Jumapili ya Matawi. Nimerudi kanisani na tawi langu nimelichomeka juu ya mlango. Mvua imekuja kwa hasira ya siku zote ilizokosa, lakini maharage yamesimama. Kaka yangu, baba yako, alipita hapa wiki iliyopita akitokea kuuza kahawa yake. Amekonda kidogo ila ana nguvu. Alikuulizia, nikamwambia una kazi nyingi, kama ulivyoniandikia.

Ulichoniomba nimekisikia. Sitakiandika mpaka utakapokiandika wewe.

Ila kutembea siachi kukusumbua. Jirani yangu Deodata, yule mjane, alikuwa wa kwanza kunicheka. Wiki ya nne akanisubiri barabarani amejifunga kitenge, akasema anataka tu kuona naenda wapi. Nikamwambia siendi popote. Tukatembea mpaka shule ya msingi, tukageuka. Kesho yake alikuwepo tena. Sasa tuko wanne.

Tuna sharti moja nalo nakutumia: mikono mitupu. Usibebe ndoo, usibebe faili, usipitie dukani. Sisi wanawake tukitembea huwa tumetumwa na mtu, au na njaa ya mtu. Hii ni safari ambayo hujatumwa. Ndiyo maana inaonekana ya kijinga, na nadhani ndiyo maana inaponya.

Kabla hujaanza pitia zahanati, mweleze muuguzi ulivyojifungua, aseme kama mwili uko tayari. Na kama moyo ni mzito kiasi kwamba hata kula huwezi, hilo nalo mwambie. Sisemi kutembea kunatosha kila kitu. Nasema kukaa peke yako ndani hakutoshi chochote.

Nimenunua raba za mtumba. Zinabana kidogo mbele, lakini zitaachia.

Shangazi


Rusumo,
28 Aprili 2024

Shangazi,

Shikamoo. Samahani nimechelewa kujibu. Nilikuwa na barua yako mfukoni mwezi mzima, na nikaona aibu kuijibu kabla sijafanya ulichosema.

Habari za huku: mvua imekata barabara ya juu mara mbili, malori yamepanga foleni mpaka mlimani. Mjomba wa Ntwari, mzee Habonimana, alikuja kukaa nasi siku nne, akala, akaangalia nyumba ilivyo kimya, akaondoka bila kuuliza. Namshukuru.

Nilikwenda zahanati. Muuguzi amesema mwili umepona, nianze taratibu. Akaniuliza maswali mengine pia, akaniambia nirudi kila baada ya wiki mbili tuongee. Narudi.

Nilianza tarehe nane. Sitakuficha, siku ya kwanza haikunisaidia kitu. Nilitoka saa kumi na mbili asubuhi, nikapita kando ya foleni ya malori, na madereva wawili wakaniita wakidhani nawaletea vibali vyao. Nikageuka. Siku ya pili nilifika mbele kidogo nikaanza kulia, nikajificha nyuma ya lori la saruji mpaka nilipotulia. Siku ya tatu sikwenda. Siku ya nne nilikwenda kwa hasira, kukuonyesha kwamba umekosea.

Sijui ni siku ya ngapi nilipogundua kwamba nimefika juu ya kilima na kwa muda fulani sikuwa nawaza lolote zaidi ya pumzi yangu. Muda wenyewe ulikuwa mfupi tu. Lakini shangazi, miezi mitano sikuwa nimepumzika hata kidogo, hata usingizini. Niliposhuka nilikuwa na njaa. Nilinunua chapati mbili nikazila zote nimesimama.

Siku nyingine bado nalia njiani. Ila sasa nalia huku natembea, na kilio nacho kinaisha mapema kidogo.

Raba hizo zinazobana usizivae. Unasikia?

Priscila


Biharamulo,
19 Mei 2024

Mwanangu Priscila,

Mkono wangu umechoka kwa kushona, kwa hiyo Wema ananiandikia. Sote tu wazima. Maharage tumevuna debe sita. Baba Wema hajambo.

Chapati ulizokula zimenifurahisha kuliko mavuno.

Kwangu hakuna jipya. Natembea kama kawaida. Endelea, usiache hata siku ya mvua.

Shangazi


Rusumo,
7 Julai 2024

Shangazi,

Shikamoo. Nianze na hili kabla ya salamu nyingine: najua uko hospitali.

Baada ya barua yako ya Mei nilijibu, sikupata kitu. Wiki tano zikapita. Nikawasha simu, mara ya kwanza tangu mwaka jana, nikampigia Teddy nikidhani barua imepotea jikoni kwake. Nikamwambia shangazi huwa hachelewi, labda matembezi yamemchosha. Akasema, "Dada, huyo hatembei. Amelazwa tangu Mei, mguu umeoza kidole." Kondakta wa basi ndiye aliyemwambia. Nikampigia Baba Wema, naye akaniambia mpo salama, unashona. Nilijua umemfundisha.

Nimekasirika. Nilikuwa natoka kila asubuhi nikijua na wewe uko barabarani muda huohuo. Kumbe nilikuwa natembea peke yangu.

Nilipanga kukuandikia hasira tupu, lakini kuna jambo limetokea ambalo nataka ulisome hapo kitandani kabla sijafika.

Mwezi uliopita Ntwari alitoka zamu asubuhi akanikuta navaa viatu. Akauliza kama anaweza kuja. Tulitembea siku sita bila neno. Nyumbani tukikaa mezani kila mmoja anaona uso wa mwenzake, na tunanyamaza kwa kuogopana. Barabarani kila mmoja anaangalia mbele. Nadhani hicho ndicho kilichomfungua. Siku ya saba, tukiwa tunapanda kilima, alisema bila kunitazama, "Mimi ndiye niliyefukia lile kaburi. Hujaniuliza hata siku moja."

Ni kweli, shangazi. Mimi nilikuwa nimelazwa hospitali, yeye na baba wakampeleka mtoto Rulenge, wakamzika shambani nyumbani. Niliporuhusiwa sikuuliza wamemlaza wapi. Niliona nikiuliza itakuwa kweli. Sikufikiria hata mara moja kwamba yeye alishika koleo halafu akarudi zamu.

Nikamuuliza pale pale. Akanieleza yote, upande gani wa migomba, nguo gani walimvisha, baba alisali sala gani. Tulitembea mbali kuliko siku zote kwa sababu hakuna aliyetaka kugeuka. Tulipofika nyumbani alikuwa amechelewa kulala na mimi nimechelewa kazini, na kwa mara ya kwanza hatukujali.

Tangu siku hiyo nimeanza kukimbia. Kidogo kidogo tu, yeye akiwa kazini, kutoka kibao cha barabara mpaka mti wa pili. Mapafu yanawaka kama nimemeza pilipili.

Nimeomba likizo. Ninakuja Ijumaa. Usimtume Baba Wema kunidanganya mlangoni.

Priscila


Biharamulo,
15 Septemba 2024

Mwanangu Priscila,

Ninaandika kwa mkono wangu mwenyewe, uone mwandiko. Tangu uondoke Wema amekwenda kidato cha tano, na nyumba ina nafasi nyingi ghafla. Baba Wema amepunguza sigara, sitaki kusema zaidi nisije nikamharibia. Deodata anakusalimu. Anasema zile wiki mbili ulizotembea nao badala yangu uliwaua kwa mwendo, na hakuna anayetaka urudi haraka.

Ulipokuwa hapa ulinigombeza nikakaa kimya. Nilikuacha ugombe kwa sababu ulikuwa na haki. Sasa nakujibu.

Kidonda kilianza na zile raba. Mwenye kisukari miguu inaweza kupoteza hisia, muuguzi alinionya siku ya kwanza kabisa: kila jioni vua, tazama vidole, kaa kwenye mwanga. Nilikuwa natazama. Siku moja nikaona wekundu kwenye kidole kidogo. Hakikuuma. Nikaamua kisipouma si kitu, na kuanzia siku hiyo nikaacha kutazama. Ndivyo ilivyokuwa. Kilipoanza kunuka nikazidisha mafuta ya kujipaka. Hata nilipolazwa nikawaza, nikimwambia Priscila ataacha, atasema unaona matembezi yamekufikisha wapi. Nikamwambia Wema aandike ule uongo. Uliposema ulikuwa unatembea peke yako, hapo ndipo niliposikia maumivu ambayo kidole hakikunipa.

Kidole wamekikata, unajua. Mguu umebaki. Daktari alisema kwa hasira kwamba ningechelewa wiki mbili zaidi angekata zaidi ya hapo.

Ulipoondoka nilianza upya. Kwanza mazoezi ya kwenye kiti, yale ya kuinua chupa za maji uliyonionyesha. Nilijiona kichekesho, bibi mzima ananyanyua maji asiyoyanywa. Siku ambazo sikufanya, nilishinda nimenuna na kila kitambaa kilinikosea. Nikafanya kila siku. Kidonda kilipofunga wakaniruhusu kusimama. Wiki ya kwanza kitanda mpaka jikoni. Wiki ya pili mpaka mlango wa nje. Jana, nimevaa ndala pana nilizopimiwa hospitalini, nimefika kwa Deodata na kurudi. Dakika kumi na tano kwa saa ya Baba Wema, aliyesimama uani kuzihesabu kama refa.

Sasa nisikilize. Kaka yangu aliniambia ulipotoka hapa hukupitia Rulenge. Ulipanda basi moja kwa moja mpaka Rusumo. Umeshajua alipo mtoto, umeshaongea na mumeo, lakini hujafika. Sikulaumu, na sikupangii siku. Nakuambia tu kilichonipata mimi. Niliogopa kutazama mguu wangu mwenyewe, na hiyo hofu ndiyo iliyokula kidole, hata viatu navisamehe.

Nenda ukatazame, mwanangu.

Shangazi yako,
Francisca


Rusumo,
24 Novemba 2024

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Nimefurahi kusikia kwa Teddy kwamba sasa mnafika mpaka shuleni na mko tisa. Amesema mmoja wenu ni mwanamume na mnamficha. Hapa mvua za vuli zimeanza vizuri, mto umejaa, na maporomoko yanasikika mpaka ofisini kwetu tukizima feni. Nimepata meza karibu na dirisha. Kila saa nasimama, nazunguka jengo mara moja, narudi. Wenzangu walicheka, sasa wawili wananifuata.

Nimeisoma barua yako mara nyingi kuliko nitakavyokiri.

Tulikwenda Rulenge Jumamosi iliyopita, mimi na Ntwari. Imetimia mwaka. Gari lilituacha misheni. Vijana wa bodaboda wakatuzunguka. Ntwari akaniuliza kama tupande. Nikakataa. Ningepanda ningefika kabla sijawa tayari. Tulitembea ile njia yote ya vilima kwa miguu, saa moja na nusu hivi, tukisalimiana na watu walio mashambani. Kila nilipotaka kurudi nilijiambia nifike kwenye kona tu, na kwenye kona najiambia nifike kwenye nyingine. Hivyo ndivyo nilivyofika nyumbani.

Baba alikuwa ametuona kutoka mbali. Alitangulia akatupeleka katikati ya migomba. Amepazungushia mawe na amekuwa anapalilia. Ni padogo, shangazi. Padogo kuliko nilivyopabeba kichwani mwaka mzima.

Nilipiga magoti nikakaa. Tulikuwa tumekubaliana jina njiani, tukiwa kwenye kilima cha mwisho: Leonidasi, jina la babu yake Ntwari. Nililisema kwa sauti. Baba akalirudia, akavua kofia. Nililia sana, na sikujificha nyuma ya kitu chochote. Baadaye mama akatuita kula, na nikala.

Sitaki nikudanganye kwamba huzuni imekwisha. Ipo. Jumanne nilishinda nayo ofisini tangu asubuhi. Ila zamani ilinikalia na mimi nikakaa nayo. Siku hizi nikiamka naiambia twende, tunatoka wote, na tukirudi mimi ndiye mwenye nguvu zaidi.

Jioni ya Jumamosi hiyo baba alitaka kutuitia bodaboda mpaka misheni. Tukakataa tena. Njia ya kurudi sehemu kubwa ni mteremko, mvua ilikuwa imenyesha ikatuliza vumbi, hewa ni safi. Ntwari alikuwa anatembea kwa uangalifu na viatu vyake vya kazi. Nikamwachia mkoba wangu nikatangulia. Kisha nikaanza kukimbia. Si kule kwa mti wa pili. Nilikimbia, shangazi, mikono ikikumbuka kazi yake, wakulima wakisimama kunitazama, mpaka chini kabisa kwenye daraja dogo.

Nilikaa ukingoni nikamsubiri. Alifika anahema, mkoba wangu begani, akanitazama kana kwamba ndiyo kwanza tunatambulishwa.

"Kumbe hivi ndivyo ulivyokuwa," akasema.

"Hivi ndivyo nilivyo," nikamwambia, nikampokea mkoba tukaendelea.

Wako anayekupenda,
Priscila